Nifunge kadi ya zamani au niiache? Hesabu iliyo nyuma ya alama yako ya mikopo Marekani

Kwenye droo ya meza yangu kulikuwa na kadi ya mkopo niliyoipata miaka sita iliyopita, miezi michache baada ya kufika hapa Ohio kusoma shahada ya uzamili. Ndiyo kadi ya kwanza ambayo benki ya Marekani ilikubali kunipa. Kikomo chake kilikuwa dola 2,000, ada ya mwaka dola 49, na kwa mwaka mzima sikuwa nimeinunulia hata chupa ya maji. Ada ilipokatwa tena nikaona huu sasa ni upuuzi. Nalipia kitu kinacholala kwenye droo?

Kabla ya kupiga simu benki niliwauliza watu wawili. Mama mdogo, ambaye yuko Minnesota kwa zaidi ya miaka ishirini, hakusita: "Ifunge, mwanangu. Wewe una familia, hela ya kuwapa benki bure unaitoa wapi?" Kaka mmoja wa Mombasa, tunayecheza naye mpira Jumamosi, akashika kichwa: "Usijaribu, ndugu yangu. Hiyo ndiyo kadi yako kongwe. Ukiifunga, miaka sita yote inafutika, unakuwa kama umeshuka kwenye ndege jana."

Nikamsikiliza mama mdogo. (Nani anabishana na mama mdogo?) Wiki sita baadaye nikaomba nyumba ya vyumba viwili, kwa sababu mke wangu na mtoto walikuwa wanakuja kutoka Morogoro mwezi wa nane. Kampuni ya upangishaji ikanikubali, lakini kwa sharti: amana mara mbili. Badala ya dola 1,100, nilipe 2,200. Hiyo hela sikuwa nayo. Alama yangu ya mikopo, ambayo kabla ya kufunga kadi ilikuwa 704, sasa ilisomeka 676.

Kwa hiyo kaka wa Mombasa alikuwa sahihi? Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa siku tatu, mpaka barua ilipofika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 kuhusu haki katika taarifa za mikopo inasema mtu akikupa masharti magumu zaidi kwa sababu ya ripoti yako, lazima akujulishe, na kama ametumia alama, akuonyeshe alama hiyo pamoja na sababu kuu zilizoivuta chini. Nikasoma barua yangu nikitafuta neno "umri". Sababu ya kwanza haikuwa umri wa akaunti. Ilikuwa hii: uwiano kati ya madeni na vikomo vya kadi ni mkubwa mno.

Mimi ninasomea takwimu. Kila siku nashinda na modeli za kutabiri mambo. Ila ile modeli inayonihukumu mimi mwenyewe sikuwahi kuifungua nione ndani. Basi tuifungue pamoja.

Alama ni utabiri, si cheti cha tabia

Alama inayotumika zaidi Marekani inaitwa FICO. Jina limetokana na kampuni ya Fair, Isaac iliyoanzishwa mwaka 1956 na mhandisi Bill Fair na mwanahisabati Earl Isaac. Wazo lao lilikuwa rahisi: badala ya ofisa wa benki kukuangalia usoni na kuamua kama unaaminika, chukua data za wakopaji wengi wa zamani, uone nani alilipa na nani hakulipa, kisha utafute dalili zinazowatofautisha. Mwaka 1989 ikaja alama ya jumla ambayo mkopeshaji yeyote angeweza kuitumia. Inaanzia 300 na kuishia 850.

Namba hiyo inajibu swali moja tu: kuna uwezekano gani kwamba mtu huyu, ndani ya miezi 24 ijayo, atachelewa kulipa deni kwa siku 90 au zaidi? Ndiyo hivyo tu. Haipimi utajiri wako, maana mshahara haumo kwenye hesabu. Haipimi uaminifu wako kwa ndugu. Haijui una shahada ngapi. Inakulinganisha na watu ambao ripoti zao zinafanana na yako, kisha inakupanga kwenye foleni kulingana na walichofanya wao.

Ripoti yenyewe inatunzwa na kampuni tatu kubwa: Equifax, Experian na TransUnion. Benki yako hupeleka kwao taarifa zako kila mwezi: kikomo ni kiasi gani, unadaiwa kiasi gani, umelipa kwa wakati au la. Kwa wasomaji wa Kenya, hawa ni ndugu wa zile CRB mnazozijua. Tofauti ni kwamba nyumbani wengi wetu tunazisikia hizo ofisi pale tu mtu anapokwama na mkopo wa simu. Hapa Marekani ripoti inatazamwa ukikodi nyumba, ukinunua gari, na wakati mwingine hata ukitaka kuunganishiwa umeme.

FICO wenyewe wametangaza vipande vitano vinavyounda alama, na uzito wa kila kimoja:

- Historia ya kulipa kwa wakati: asilimia 35
- Kiasi unachodaiwa: asilimia 30
- Urefu wa historia ya mikopo: asilimia 15
- Mikopo mipya: asilimia 10
- Mchanganyiko wa aina za mikopo: asilimia 10

Angalia orodha hiyo vizuri. Hakuna kipande kinachoitwa "amefunga kadi". Kitendo cha kufunga kadi chenyewe hakina adhabu. Kinachotokea ni kwamba kufunga kadi kunasogeza baadhi ya vipande hivi. Swali ni vipi, na kwa nguvu kiasi gani.

Historia ya kulipa, kile kipande kikubwa, haisogei. Kama ulilipa vizuri miaka sita, rekodi hiyo inabaki. Na kama uliwahi kuchelewa, kufunga kadi hakufuti kosa: taarifa mbaya nyingi hukaa miaka 7, iwe kadi imefungwa au iko wazi. Kwa hiyo mjadala wote wa mama mdogo na kaka wa Mombasa uko kwenye vipande viwili tu: umri, na kiasi unachodaiwa.

Hofu ya umri, na kwa nini imezidishwa

Watu wengi husema alichosema kaka wa Mombasa: funga kadi kongwe na historia inafutika. Kwa alama za FICO si kweli. Akaunti iliyofungwa ikiwa safi, yaani bila deni lililochelewa, kwa kawaida hubaki kwenye ripoti hadi miaka 10 baada ya kufungwa. Na muda wote huo FICO huendelea kuihesabu kwenye umri. Tena inaendelea kuzeeka, mwezi kwa mwezi, kama vile bado iko wazi.

Tuchukue kadi zangu tatu. Kadi A, ile ya kwanza, ilikuwa na miezi 72. Kadi B miezi 36. Kadi C, ya duka, miezi 12. Jumla ni miezi 120, gawa kwa tatu: wastani wa miezi 40. Nikaifunga A. Siku iliyofuata wastani ulikuwa ni uleule, miezi 40.

Sasa turuke miaka 10 mbele, siku ambayo A inaondoka rasmi kwenye ripoti. Tuseme sijafungua kadi nyingine yoyote. B itakuwa na miezi 156 na C miezi 132. Wastani wao ni miezi 144, sawa na miaka 12. Kama A ingekuwa bado iko wazi, ingekuwa na miezi 192, na wastani wa zote tatu ungekuwa miezi 160, yaani miaka 13 na miezi 4.

Kwa hiyo hasara ya umri ni kushuka kutoka miaka 13 na kidogo hadi miaka 12, tena ndani ya kipande chenye uzito wa asilimia 15, na itatokea miaka 10 kuanzia leo. Sitaki kusema ni sifuri, lakini si jambo la kukunyima usingizi wakati unatafuta nyumba mwezi ujao.

Kuna mambo mawili ya kuongeza hapa. La kwanza: FICO si mfumo pekee. Upo pia VantageScore, uliotengenezwa na zile kampuni tatu za ripoti na kuanza mwaka 2006, na huo huweza kuziacha nje baadhi ya akaunti zilizofungwa wakati wa kukokotoa umri. Programu nyingi za simu za bure huonyesha VantageScore, wakati mkopeshaji huenda anatazama FICO. Ndiyo maana unaweza kufunga kadi, ukafungua programu, ukaona alama imeporomoka, kumbe benki inaona kitu tofauti. Ukilinganisha alama ya kabla na ya baada, hakikisha zote ni za mfumo uleule.

La pili linamhusu mtu mwenye kadi moja tu. FICO haiwezi kukupa alama kama huna angalau akaunti moja yenye miezi sita au zaidi, na angalau moja ambayo taarifa zake zimeletwa ndani ya miezi sita iliyopita. Ukiifunga kadi yako ya pekee na huna mkopo mwingine, baada ya muda unaweza kukosa alama kabisa. Kwa mwanafunzi mgeni, hili ni kubwa kuliko habari ya wastani.

Kilichoniumiza: maji yaleyale, ndoo ndogo

Sasa tuje kwenye kile barua ilichosema.

Kwenye kipande cha "kiasi unachodaiwa", kitu kimoja kina nguvu sana kwa watu wa kadi: uwiano wa matumizi. Unachukua jumla ya unachodaiwa kwenye kadi zako, unagawanya kwa jumla ya vikomo. Kadi iliyofungwa ikiwa haina deni, kikomo chake kinatoka kwenye hesabu. Si baada ya miaka 10. Mara tu benki inapopeleka taarifa mpya.

Vikomo vyangu vilikuwa A 2,000, B 3,000 na C 500. Jumla 5,500. Deni langu lilikuwa dola 1,650, lote kwenye kadi B. Lilikuwa ni nauli ya ndege ya mwezi wa tatu, nilipokwenda Morogoro kumzika baba. Ukinunua tiketi ya kesho yake, huchagui bei.

Kabla ya kufunga: 1,650 gawa kwa 5,500, ni asilimia 30.

Baada ya kufunga: 1,650 gawa kwa 3,500, ni asilimia 47.

Sikukopa hata senti moja zaidi. Maji ni yaleyale, ila nimeondoa pipa nikaleta ndoo, na kila anayechungulia anaona inakaribia kufurika.

Kwa nini modeli inajali? Kwa sababu kwenye data za wakopaji, watu wanaotumia sehemu kubwa ya kikomo chao ndio wanaoishia kushindwa kulipa mara nyingi zaidi. Ni uhusiano wa kitakwimu, na kwa kundi zima ni wa kweli. Lakini modeli inaona uwiano, haioni sababu. Haijui kama uwiano umepanda kwa kuwa unazama kwenye madeni, au kwa kuwa umekataa kulipa dola 49 za bure. Haijui habari ya msiba. Wote tunaingia kwenye kapu moja. Wanafunzi wa takwimu tunafundishwa mapema kwamba modeli inaweza kuwa sahihi kwa kundi na ikamkosea mtu mmoja. Mimi nililifahamu hilo vizuri siku nilipokuwa huyo mtu mmoja.

Kuhusu ile kanuni maarufu ya "usizidi asilimia 30": msiichukulie kama ukuta. Hakuna kitu cha ajabu kinachotokea kati ya 29 na 31. Kadiri uwiano unavyoshuka ndivyo inavyokuwa bora, na wenye alama za juu kabisa kwa kawaida wako chini ya asilimia 10. Pia modeli haitazami jumla tu, inatazama na kadi mojamoja. Kadi yangu B peke yake ilikuwa imetumika asilimia 55, na hilo lilikuwa tatizo hata kabla sijafunga kitu.

Jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui: deni linalofika kwenye ripoti kwa kawaida ni lile lililoandikwa siku stetimenti inapotoka, si lile linalobaki baada ya wewe kulipa. Yaani unaweza kuwa mtu safi anayelipa deni lote kila mwezi, hujawahi kulipa riba, na bado ripoti ikaonyesha umetumia asilimia 60, kwa sababu benki ilipiga picha siku moja kabla hujalipa. Ukitaka uwiano mdogo, lipa kabla ya stetimenti kutoka.

Na habari njema ni hii: kwenye matoleo ya FICO yaliyozoeleka, uwiano hauna kumbukumbu. Mwezi huu uko asilimia 47, mwezi ujao umelipa uko 10, alama inahesabiwa kwa 10. Matoleo mapya kama FICO 10T na VantageScore 4.0 yanaangalia mwenendo wa takriban miaka miwili, kwa hiyo huko mambo ni tofauti kidogo. Lakini kwa ujumla, jeraha la uwiano linapona haraka. Jeraha la kuchelewa kulipa ndilo linalokaa miaka.

Kwa hiyo lini ufunge, lini uache

Ukishaelewa hivyo, swali la "nifunge au nisifunge" linakuwa dogo. Halihusu ukongwe wa kadi. Linahusu mambo manne.

*Je, kuna ada?* Kadi isiyo na ada inakugharimu sifuri kuiacha wazi, na kikomo chake kinakusaidia kila mwezi. Kwa kadi kama hiyo sioni sababu ya haraka ya kuifunga. Kadi yenye ada ni habari nyingine, lakini kabla ya kuifunga piga simu uulize kama wanaweza kukubadilishia kwenda kadi yao isiyo na ada. Benki nyingi hufanya hivyo, akaunti inabaki ileile na kikomo chake, na kwa kawaida hakuna uchunguzi mpya wa mikopo. Mimi sikuuliza. Dakika kumi za simu zingenisaidia.

*Je, utaomba kitu karibuni?* Nyumba, gari, mkopo wowote ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kama jibu ni ndiyo, subiri. Tuchukue mfano wa kubuni: mkopo wa gari wa dola 12,000 kwa miaka mitano. Kwa riba ya asilimia 7 unalipa kama dola 238 kwa mwezi. Kwa asilimia 10 unalipa kama dola 255. Tofauti ya dola 17 haionekani, lakini zidisha kwa miezi 60: ni zaidi ya dola 1,000. Sisemi kufunga kadi moja kutakupandishia riba kwa kiasi hicho. Nasema ada ya dola 49 ni ndogo ukilinganisha na hatari hiyo, na unaweza kuifunga kadi baada ya kusaini karatasi za mkopo.

*Uwiano wako utakuwa ngapi baada ya kufunga?* Fanya ile hesabu ya kugawanya. Toa kikomo cha kadi unayotaka kuifunga, gawanya upya. Kama unadaiwa dola 100 na vikomo vinavyobaki ni 8,000, funga tu, hutahisi kitu. Kama uko kama mimi, lipa kwanza. Kwenye mfano wangu, kulipa dola 600 kungeshusha deni hadi 1,050, na 1,050 gawa kwa 3,500 ni asilimia 30 kamili. Yaani ningekuwa palepale nilipokuwa kabla ya kufunga.

*Je, kadi inakuharibu?* Hili halimo kwenye modeli yoyote, lakini nimeliona kwa watu. Kama kuwa na kadi yenye nafasi ya dola 5,000 kunakufanya ununue vitu usivyohitaji, ifunge hata kama alama itashuka pointi kadhaa. Pointi hurudi. Deni la riba ya asilimia ishirini na kitu linakula mshahara wako kila mwezi.

Ukiamua kuiacha wazi, usiitupe kwenye droo na kuisahau kama mimi. Benki inaweza kuifunga yenyewe ikiona haitumiki, na mara nyingi haikupi taarifa ya mapema. Weka malipo madogo ya kila mwezi, kama ya muziki au simu, halafu weka malipo ya moja kwa moja kutoka benki. Pia ichungulie mara kwa mara: kadi isiyotazamwa ndiyo mwizi wa namba za kadi huipenda.

Ukiamua kufunga, funga vizuri

Watu wengi wanadhani kufunga ni kuikata kadi kwa mkasi. Kadi iliyokatwa bado iko wazi na ada bado inakuja. Hatua ni hizi:

1. Tumia au hamisha pointi za zawadi, kwa sababu kwenye kadi nyingi zinapotea akaunti ikifungwa.
2. Hamisha malipo yote ya moja kwa moja yaliyofungwa kwenye kadi hiyo.
3. Lipa deni lote. Kama ulikuwa unabeba deni mwezi hadi mwezi, subiri stetimenti moja zaidi, maana kunaweza kuwa na riba ya siku za mwisho iliyobaki. Dola 3 zilizosahaulika zinaweza kugeuka kuwa malipo yaliyochelewa.
4. Piga simu, omba kufunga, na omba uthibitisho wa maandishi.
5. Kama ni kadi ya amana, ile uliyoweka hela yako kama dhamana, uliza amana itarudi lini na kwa anwani ipi.
6. Baada ya mwezi mmoja au miwili, chukua ripoti zako za bure kwenye tovuti ya AnnualCreditReport.com, uone akaunti imeandikwa imefungwa na haina deni. Ripoti za kampuni zote tatu unaweza kuzipata bure kila wiki.

Kuna wasomaji wetu wanaokaribia kumaliza masomo na kurudi Dar, Nairobi au Kigali. Kwenu nasema hivi: alama ya FICO haipandi ndege. Benki ya nyumbani itaangalia taarifa zako za nyumbani. Kama huna mpango wa kurudi Marekani, funga kadi zenye ada kabla hujaondoka, wakati bado una namba ya simu ya hapa na anwani ya kupokelea barua. Kama unaweza kurudi, acha moja isiyo na ada, iwe na malipo madogo yanayojilipa yenyewe. Utakaporudi hutaanza na sifuri.

Mwisho wa habari yangu

Ile amana ya dola 2,200 nililipa. Wenzangu wa mpira walichanga, na aliyetoa kikubwa alikuwa kaka wa Mombasa. Mke wangu na mtoto walifika mwezi wa nane kama ilivyopangwa, tukalala usiku wa kwanza kwenye godoro la kuazima, chumba kitupu.

Kuanzia hapo nikawa nalipa kadi B kabla ya stetimenti kutoka. Ilipofika mwezi wa kumi deni lilikuwa dola 350 kwa vikomo vya 3,500, asilimia 10. Alama, kwa mfumo uleule, ilisomeka 721. Juu kuliko kabla sijafunga kadi, na kadi kongwe bado imefungwa. Siwezi kuapa kwamba pointi zote hizo zimetoka kwenye uwiano, maana vitu kadhaa husogea kwa pamoja. Lakini umri wa kadi haukuwa umebadilika kwa namna ya kueleza kupanda huko, na uwiano ulibadilika sana.

Nikawapigia simu wale washauri wangu wawili kuwapa matokeo. Mama mdogo akasema, "Si nilikwambia ifunge?" Kaka wa Mombasa akasema, "Si nilikwambia usifunge?" Nikawajibu wote ndiyo. Mama mdogo alikuwa sahihi kuhusu dola 49, na kaka alikuwa sahihi kuhusu mwezi niliochagua, ingawa sababu aliyonipa haikuwa yenyewe. Hakuna kati yetu watatu aliyefanya ile hesabu ya kugawanya, hata mimi ninayelipwa kufanya hesabu. Kama nawe una kadi kwenye droo na simu iko mkononi, anza na hiyo: deni lako lote, gawa kwa vikomo vitakavyobaki.